Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Watoto Kuchezea, Anza na Sakafu

Toleo hili tumeliachia maswali yenu kutoka Tabora na Kigoma kuhusu chumba cha kuchezea watoto wadogo. Wengi mnauliza mnunue midoli gani. Tutafika huko, ila mtaona kila mara tunawarudisha kwenye sakafu, ukuta na mlango. Humo ndimo watoto huumia, na humo ndimo shilingi ya kwanza inapaswa kwenda.

SWALI: Nina stoo ya ndani ya mita 2.7 kwa 3 na nimeshaitoa vitu vyote. Watoto ni wawili, mmoja wa miezi kumi anatambaa, mwingine ana miaka mitatu. Nianze na nini?
Mama wa wawili, Cheyo, Tabora

JIBU: Ukubwa huo unatosha, mama. Kabla hujanunua chochote, piga magoti utambae chumba kizima ukifuata ukuta. Utakuta mambo ambayo ukiwa umesimama huyaoni: msumari uliochomoza chini ya fremu ya mlango, waya ulioachwa wazi, rangi inayobabuka kwenye kona. Hayo yamalizwe siku hiyohiyo.

Kazi kubwa ni sakafu. Stoo nyingi zilimwagwa zege likaachwa bila niru, ile saruji laini ya kumalizia juu. Pitisha kiganja, kikitoka na unga mweupe, mtoto anayetambaa atakuwa anaula unga huo. Kufagia hakusaidii kwa sababu unatoka upya kila mtu anapokanyaga. Mwaga tabaka jipya la sentimita 3, saruji ndoo moja kwa mchanga uliochekechwa ndoo tatu, na niru ipigwe siku hiyohiyo kabla tabaka halijakauka. Kwa mita 8 za mraba, mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 inatosha. Mafundi hukosea sehemu mbili. Wanamwaga juu ya sakafu ya zamani yenye vumbi bila kuigongagonga kwa patasi na kuilowesha, basi tabaka jipya halishiki. Baada ya miezi michache ukiligonga linaita kama debe tupu, kisha linavunjika vipande. Kosa la pili ni kuliachia jua na upepo wa kiangazi. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, dirisha likiwa limefungwa.

Usitandike chumba kizima. Anayetambaa anahitaji mahali pagumu pa kujisukumia na mahali laini pa kuangukia. Vile vipande vya sponji vinavyoungana, vya sentimita 60 kwa 60, tisa vinakupa mraba wa mita 1.8, na hiyo inatosha. Chagua vya unene wa sentimita 2. Vya sentimita 1 juu ya saruji havizuii kitu. Vianike kivulini siku kadhaa mpaka harufu iishe, na pindo ndogo zinazochomoka pembeni zitupe, maana wa miezi kumi atazing'ata. Godoro kuukuu lisifanywe sakafu. Mtoto anayejifunza kusimama anakosa mizani juu yake, na mdogo akilala kifudifudi pumzi inaweza kuzibwa.

Ukipenda kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita, pima unyevu kwanza. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kigundishe sakafuni kwa selotepu pana kingo zote nne, ukiache saa 48. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekoza rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini na kapeti litaota ukungu upande wa chini bila wewe kujua. Hapo mkeka wa ukindu ni bora, mradi uuinue kila jioni na kuusimamisha ukutani.

Mlango. Vidole hubanwa upande wa bawaba kuliko upande wa kitasa. Ushauri wetu ni kuung'oa, kuuhifadhi, na kuweka kigeti cha mbao: kimo sentimita 80, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, uwazi wa chini sentimita 4. Fito zisimame wima. Za kulala ni ngazi. Kifunguke kuelekea koridoni na komeo likae nje. Kama ni lazima mlango ubaki, toa komeo la ndani na uondoe funguo. Mtoto hujua kufunga kabla hajajua kufungua.

Dirisha nalo litazame. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, kwani mwili wa mtoto hupita pale ambapo kichwa hukwama. Chini ya dirisha pasiwe na kitu cha kukwea, kamba ya pazia isining'inie, na wavu wa mbu uwe mzima, hasa kama watacheza humo mpaka magharibi.

SWALI: Nimeona vifuniko vya plastiki vya kuziba matundu ya soketi. Vinafaa?
Baba wa mtoto mmoja, Mwanga, Kigoma

JIBU: Hatuvishauri, ingawa vinauzwa kwa jina la usalama. Soketi zetu za matundu matatu ya pembe nne zimetengenezwa na vizibo vya ndani, na vizibo hivyo hufunguka pale tu mguu mrefu wa plagi unapoingia tundu la juu. Kifuniko cha bei rahisi kina mguu huohuo mrefu, kwa hiyo kinavifungua. Mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini, au kikivunjika, matundu ya umeme yanabaki wazi. Vingine vina miguu minene inayotanua shaba za ndani. Baadaye plagi ya kweli inalegea na soketi inapata moto.

Chukua tochi umulike matundu mawili ya chini. Ukiona plastiki, kizibo kipo, iache soketi kama ilivyo na swichi yake ikiwa imezimwa. Ukiona shaba inang'aa, kizibo hakipo au kimevunjika. Fundi umeme abadilishe soketi nzima. Na ekstensheni ya matundu ya kupokea plagi za kila aina isikae chumbani humo hata siku moja, kwa sababu nyingi hazina kizibo chochote.

SWALI: Fundi seremala ananiuliza vipimo vya rafu ya vitu vya kuchezea na aina ya mbao. Nimwambie nini?
Gungu, Kigoma

JIBU: Mwambie anunue mbao tatu za moja kwa sita, futi 12, zilizokauka, na karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 4. Zikishapigwa randa zitabaki na unene wa kama sentimita 2 na upana wa sentimita 14. Mbao mbili kila moja itoe vipande vitatu vya sentimita 115. Ya tatu itoe vipande vinne vya sentimita 67. Aunganishe viwili viwili kwa gundi ya mbao upande kwa upande, avibane usiku mzima, na utapata vibao vitatu vya kulala na viwili vya kusimama, vyote vya kina cha sentimita 28.

Kibao cha chini kikae sentimita 5 juu ya sakafu ili ufagio upite na mchwa waonekane mapema wakianza kujenga. Kutoka hapo ni nafasi ya sentimita 28, kibao, nafasi nyingine ya sentimita 28, kibao cha juu. Kimo chote ni sentimita 67. Mtoto wa mwaka mmoja anaona kilicho juu akiwa amesimama, na wa miaka mitatu anafika kote bila kukwea. Wapo mafundi watakaokushawishi uongeze ghorofa ya tatu kwa kuwa mbao zimebaki. Kataa. Rafu ya kimo cha mita moja inakwewa.

Atumie skrubu za inchi 2, atoboe kwanza kwa drili ndipo akaze, na vichwa vizame ndani ya mbao. Misumari hulegea rafu ikisukumwasukumwa, na ncha zake hutokeza. Plaiwudi ni ya mgongoni. Bila mgongo rafu inapinda na kuwa mshazari. Karatasi ya futi 4 kwa 8 inatoa migongo mitatu ya aina hii, hivyo kama jirani naye anataka rafu, gawaneni gharama. Kona zote zizungushwe kwa kufuata duara la sarafu, kisha msasa namba 80, halafu 120, amalizie na 240.

Kuhusu aina: mninga ni imara na haushambuliwi ovyo na mchwa, lakini bei yake inauma na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo upigwe msasa nje, watoto wakiwa mbali. Kwa rafu ndogo paini inatosha. Ila kagua rangi. Mbao zenye kijanikijani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Ni za paa, haziingii chumba cha mtoto. Vivyo hivyo oili chafu ya gari ambayo watu hupaka mbao. Mbao mbichi nazo zina adha yake: rafu iliyotengenezwa masika ikifika Julai, hewa inapokauka, hupinda na kufumuka kwenye maungio.

Kupaka, tunapendelea nta ya nyuki, ambayo pande hizi si adimu. Gramu 100 za nta kwa mililita 300 za mafuta ya alizeti, kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya mkaa, mafuta na nta hushika moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo maji hayahitaji kutokota sana. Paka kwa kitambaa, subiri nusu saa, futa yote iliyobaki juu. (Nta si asali. Asali mtoto hapewi mpaka atimize mwaka mmoja, hata kwa kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza misuli.) Ukitaka rangi, iwe ya kopo lililofungwa, lenye maandishi kwamba haina madini ya risasi, rangi ya kupimiwa kwenye chupa huwezi kujua ina nini.

Mwisho, na hili lisiachwe kwa kuwa fundi ana haraka: rafu ifungwe ukutani kwa kona mbili za chuma, karibu na kibao cha juu. Ukuta wa tofali za saruji, toboa kwa ncha ya milimita 8, tanguliza kile kibomba cha plastiki, kisha skrubu ya sentimita 6. Ukuta wa tofali za kuchoma, toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye udongo wa katikati. Ukuta wa tofali mbichi haushiki skrubu yoyote: pitisha bolti hadi upande wa pili na uweke kibao cha sentimita 10 kwa 10 huko nyuma ndipo ukaze nati. Ukimaliza, shika ukingo wa juu uvute kwa uzito wako. Ikicheza, kazi haijaisha.

SWALI: Tulikuwa tunaweka dawa za tumbaku na marobota katika chumba cha nyuma. Sasa tumejenga ghala. Chumba kile nikikipiga deki vizuri kinaweza kuwa cha watoto?
Mkulima, Urambo

JIBU: Hapana, kama una chumba kingine chochote. Unga wa viuatilifu huingia kwenye nyufa za sakafu, kwenye udongo wa ukuta na kwenye mbao za dari, na sabuni hupunguza tu, haiuondoi wote. Vumbi la tumbaku nalo lina nikotini inayopenya hata kwenye ngozi. Mtoto mdogo anakaa chini, anagusa kila kitu, anatia mkono mdomoni. Kiasi ambacho wewe hukihisi kinamtosha yeye kuugua. Hamieni humo ninyi wakubwa na kabati lenu la nguo, chumba chenu muwape watoto.

Kama kweli hakuna chumba kingine: toeni rafu za mbao na magunia yaliyoziba dari, msiyatumie tena. Osheni kwa maji na sabuni mara tatu mkiwa mmevaa glavu na kufunika pua, na maji hayo yasimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Kisha pigeni plasta mpya kuta zote, pakeni rangi, na mmwage sakafu mpya kama tulivyoeleza hapo juu. Acheni wazi wiki kadhaa. Ukipiga hesabu utaona gharama hiyo inakaribia ya kuongeza kachumba kadogo kwenye baraza.

Makopo na chupa za dawa zilizokwisha zisigeuzwe gari wala ngoma za watoto, hata zikisuguliwa vipi. Zisuuze mara tatu, zitoboe, zisiweze kutumika tena. Magunia yake yasiwe mkeka.

SWALI: Mimi ni bibi, nalea wajukuu wanne. Mkubwa ana miaka mitano, mdogo mwaka na nusu. Vitu vya dukani ghali na vinavunjika. Niwatengenezee nini mwenyewe?
Ujiji

JIBU: Shikamoo bibi. Hapo ulipo una vitu bora kuliko vya dukani.

Udongo wa kufinyanga wa unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko vya chakula 2 vya mafuta, vijiko 2 vya maji ya ndimu, vikombe 2 vya maji. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo. Songa kama unavyosonga ugali. Baada ya dakika chache utashikana na kuachana na sufuria. Upoe, ukande kwenye meza. Ukibaki unanata mikononi haujaiva, urudishe motoni. Ukikatikakatika umepungukiwa maji, ongeza kijiko kimoja kimoja. Ukitumia mawese badala ya mafuta meupe, unapata rangi ya chungwa bila kununua rangi, lakini ujue inashika kwenye nguo. Manjano hutoa njano. Maji ya rosela hutoa wekundu. Ukiwa ndani ya kopo lenye mfuniko unadumu kama wiki mbili kwa joto la Ujiji. Ukinuka chachu au kuota madoa, tupa. Huu ni wa wale wakubwa. Wa mwaka na nusu ataula, na chumvi nyingi kiasi hicho ni sumu kwake.

Mdogo mpe sufuria mbili, vifuniko vyake, mwiko na vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Mpira wa matambara ushonwe kwa uzi imara, uwe mkubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Ule mpira wa mifuko ya nailoni wanaochezea chandimu waachie wa miaka mitano kwenda juu, maana nailoni hutafunika na kuziba koo.

Kayamba la chupa: chupa ya nusu lita, robo yake mchele au mahindi, mfuniko uwekwe gundi kwenye nyuzi zake kisha uzungushiwe selotepu. Likague kila wiki. Maharage hatuyapendi humo, kwa kuwa mtoto akiyatia puani yanavimba. Na mbegu za kuokota uzichunguze sana. Mbegu za mbarika, za mbono unaopandwa kwenye ua, na zile nyekundu nzuri zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, zote ni sumu, na hizo za mwisho ndizo watoto huzipenda kuliko zote.

SWALI: Vitu vya kuchezea vimejaa kapu kubwa, lakini mtoto anamwaga vyote, anacheza dakika tano, anaanza kulia. Mdogo wake naye anaokota vipande vidogo vya kaka yake. Nifanyeje?
Mama wa Isevya, Tabora

JIBU: Tatizo ni kapu. Mtoto haoni kilicho chini, basi njia pekee ni kumwaga, na akishamwaga kuna vingi mno hata hajui ashike kipi. Vitoe vyote. Vilivyovunjika vitupwe. Vilivyobaki vigawe mafungu matatu au manne, kila fungu liwe na vitu sita hadi nane vya aina tofauti: cha kujenga, cha kupikapika, cha kusukuma, cha kuchora, kitabu. Fungu moja likae kwenye rafu, kila kitu mahali pake pa wazi. Mengine yafungwe kwenye boksi juu ya kabati. Badilisha kila wiki au siku kumi. Mwanasesere anayelala naye asiondolewe kwenye zamu yoyote. Kitu ambacho hakijaguswa siku tatu kitoe hata kabla ya zamu kuisha, labda umri wake bado.

Cha kujenga ndicho kinachodumu, kwa hiyo hapo usibane fedha. Nenda kwa seremala uombe vipande vya mabaki vikatwe sentimita 3.5 kwa 7 kwa 14, vingine nusu yake, vingine mara mbili ya urefu huo. Vikiwa na uwiano huo viwili vidogo vinalingana na kimoja kikubwa na mnara unasimama. Vikikatwa ovyo mnara hauendi popote na mtoto anaviacha. Vipande 40 vinatosha wawili.

Kuhusu mdogo, kipimo ni kiini cha karatasi ya chooni, kile kibomba cha karatasi ngumu cha katikati. Kitu chochote kinachopita ndani yake hakifai kwa aliye chini ya miaka mitatu. Mifuniko ya chupa za maji na soda inapita. Mkubwa apewe vitu vyake vidogo ndani ya eneo lililozungushiwa kigeti, mdogo abaki nje na chumba kingine chote. Wazazi wengi hufanya kinyume, wanamfungia mdogo, naye analia kutwa. Midoli inayoimba ina betri bapa za duara. Ikiwa kifuniko chake hakina skrubu, usiilete nyumbani. Betri hizo zikikwama kooni zinaunguza kwa muda wa saa mbili tu, hivyo ukishuku amemeza, ni hospitali mara moja, usingoje kuona dalili.

Akipaliwa na kitu asiweze kulia wala kukohoa: aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5, kisha mgeuze ukandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia. Aliyezidi mwaka, mgongoni mara 5, kisha mkumbatie kwa nyuma ukandamize tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara 5. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

SWALI: Mchanga wa ziwani unaweza kuingizwa ndani kwa ajili ya watoto? Naogopa kichocho.
Kibirizi, Kigoma

JIBU: Kichocho kinaambukizwa majini, si kwenye mchanga uliokauka. Hofu yako halisi iwe ndoana, vipande vya chupa na mifupa ya samaki. Chekecha kwa wavu wa dirishani, osha mpaka maji yatoke meupe, anika kwenye turubai juani siku mbili huku ukigeuza.

Beseni pana la sentimita 60 linachukua ndoo moja ya lita 20, kina kama sentimita 7. Jua kwamba huo ni uzito wa kilo 30 hivi, basi liweke mahali pake kabla ya kulijaza, juu ya turubai la mita 2 kwa 2, na ni vizuri zaidi likiwa barazani. Usiku lifunikwe. Mchanga ulioachwa wazi paka huugeuza choo, na mchanga mkavu unaofikiwa na kuku na mbwa ni makazi ya funza. Maji ya kuchezea yamwagwe mara mchezo unapoisha. Ndoo ya lita 20 yenye maji kidogo tu inaweza kumzamisha anayejifunza kutembea, kwani kichwa chake ni kizito na akiinamia ndani hawezi kujinyanyua.

SWALI: Chumba kinakuwa tanuri mchana, hasa Oktoba.
Kiloleni, Tabora

JIBU: Bila shaka ni bati bila dari. Silingibodi ndiyo tiba. Kabla hujaipata, tengeneza njia mbili za hewa, tundu la chini ukuta mmoja na la juu ukuta wa pili, yote yenye wavu. Kati ya saa sita na saa tisa mchana toeni mkeka na vitu vichache mkae chini ya mwembe. Chumba si lazima kitumike kutwa.

SWALI: Niweke runinga humo ili watulie?
Kasulu

JIBU: Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka wa mwaka mmoja hadi minne wawe katika mwendo angalau dakika 180 kwa siku. Tena runinga juu ya meza ndogo ni kitu kizito kinachovutika kwa waya wake.

SWALI: Tumepanga chumba na sebule, mwenye nyumba hataki kutoboa ukuta. Tusahau?
Wazazi wapya, Kanyenye, Tabora

JIBU: Msisahau. Kona ya sebule ya mita 1.5 kwa 2 inatosha mtoto mmoja au wawili. Geuzeni sofa lipe mgongo upande mmoja, kuta mbili zifanye pande nyingine, na upande wa nne pawe kigeti kilichobanwa kati ya sofa na ukuta.

Kwa kuwa hamwezi kufunga kitu ukutani, kisiwepo kitu kirefu. Rafu yenu isizidi kimo cha sentimita 40: kreti mbili za plastiki zilizolazwa ubavu, zikafungwa pamoja kwa kamba mbele na nyuma, moja kando ya nyingine, si moja juu ya nyingine. Kwa usalama zaidi wekeni tofali moja chini ndani ya kila kreti, nyuma kabisa, limefungwa kitambaa. Kabati la nguo lililosimama bila kufungwa lisiwe ndani ya kona hiyo, na juu yake msiweke boksi la midoli inayongoja zamu mbele ya macho ya mtoto. Atavuta droo afanye ngazi. Boksi liende chini ya kitanda chenu.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama mvua inanyesha na mlango uko wazi, moshi wake usioonekana huua. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Na kabla ya kulipa kodi ya miezi mingine, mwombeni mwenye nyumba matundu mawili tu ya milimita 8, mkimwahidi kuyaziba kwa saruji mkihama. Wengi wakielezwa ni ya kuzuia kabati lisimwangukie mtoto, hukubali.